Sura za Tata na Kahawa ya Mgeni

Nilipokuwa mtoto sikumwogopa baba yangu. Niliwaogopa watu waliokuja nyumbani badala yake.

Sote tulimwita Tata, kama watoto wengi wa Karagwe wanavyomwita baba, na Tata alikuwa mwanamuziki wa roki. Najua neno hilo linachekesha ukilitaja pamoja na Rugera, kijiji chetu, ambako mtu huheshimiwa kwa unene wa mikungu yake ya ndizi. Lakini ndivyo alivyokuwa. Ukoo wake ulivuka kutoka Rwanda na ng'ombe, ukapata malisho Kyerwa, na yeye akakua akichunga huku anapiga enanga, ile ala ya nyuzi inayolazwa mapajani. Alipooa kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, akahamia Rugera. Siku moja akaiunganisha enanga na spika kwa betri ya gari, majirani wakadhani kuna kitu kimelipuka. Baadaye akapata gitaa la umeme kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, na tangu hapo hakutulia kuwa mtu mmoja.

Sura yake ya kwanza ninayoikumbuka iliingia uani adhuhuri, mimi na mama tukichambua maharage. Mtu alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Uso wote umepakwa udongo mweupe, shingoni kengele za ng'ombe, mgongoni gitaa. Tata alikuwa hajaonekana nyumbani mwezi mzima.

"Msalimie baba yako," mama alisema bila kuinua macho.

Nilisema shikamoo kama unavyomwamkia askari, kisha nikakimbilia migombani. Moyo ulinienda mbio hata nikadhani yule mtu anausikia. Niliamini kabisa kwamba amemla baba yangu na kuchukua gitaa lake.

Hakunifuata. Aliingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa, akakaa chini katikati ya ua.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Kahawa hiyo si ya kunywa. Ni ya kutafuna: huchumwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, na kukaa katika kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko. Mgeni akifika, mwenye nyumba hutafuna punje moja kwanza mgeni akiona, ili ajue haina kitu kibaya, kisha humnyooshea kikapu kwa mikono miwili. Mtu wa nyumbani hapewi. Akitaka, kikapu anakijua kilipo.

"Wewe ni mgeni hapa?" yule mtu mweupe aliniuliza kwa sauti ya kunifikia migombani.

"Hapana."

"Basi sikupi. Mgeni ndiye anayepewa. Wewe njoo ujichukulie."

Akakaa kimya. Nilichukua muda mrefu kutoka kule, mgomba mmoja baada ya mwingine, mama akiendelea na maharage yake kana kwamba hakuna kinachotokea. Nilipofika niliangalia mikono yake kwanza. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na sugu ninayoijua. Nikachukua punje moja, nikaitafuna, chungu kabisa, na yule mtu akawa Tata.

Tangu siku hiyo hayo yakawa mapatano yetu. Kila alipokuja na sura mpya aliweka kikapu chini, akanyamaza, nami nikaenda kujichukulia. Hakuwahi kuninyooshea. Nilikuwa mwoga kupita watoto wote wa kata yetu, na bado ni mwoga, lakini punje moja ilinitosha.

Sura zenyewe zilikuwa tano, ukihesabu zile ambazo watu wanazikumbuka. Baada ya ile nyeupe yenye kengele ilikuja ya ngozi ya ng'ombe na nywele za kusuka, gitaa likilia kama ng'ombe aliyepoteana na wenzake. Ikaja ya suti ya bluu, miaka ya nyimbo za kumwomba Mungu kwa kelele, hadi wazee wa kanisa wakawa hawajui wamfukuze au wamshukuru. Ikaja ya gauni la kitenge na miwani myeusi, ambayo iliwafanya wanaume wa mji mdogo wa Omurushaka wabishane wiki nzima na wasimalize. Ya mwisho ilikuwa kizibao cha vizibo vya soda, mamia kwa mamia, nilivyovishona kimoja kimoja. Nilikuwa nimeshakuwa fundi cherehani pale Omurushaka, na vidole vyangu vilitoboka sana kwa ajili ya sanaa ya mzee yule.

Kila sura ilikuwa na sauti yake, mwendo wake, hata namna yake ya kushika kijiko. Alikaa nayo nyumbani wiki nzima ili izoee. Mama alikuwa akisema, "Nimeolewa na wanaume watano, na hakuna hata mmoja anayerudisha jembe mahali pake."

Na kila onyesho, kuanzia minada ya ng'ombe ya Kyerwa hadi kumbi za Bukoba, alilifungua kwa namna moja. Alishuka jukwaani na kikapu, akatafuna punje moja, akawapa watu wa mstari wa mbele kwa mikono miwili: karibuni kwangu. Nilipokuwa nimekaa mstari huo alinipita. Watu walidhani ananionea. Mimi nilivimba kichwa.

Hapa ndipo nilipokosea, na nitalisema wazi.

Mama alipofariki, Tata alianza kuvaa viatu visivyolingana. Aliuliza ni nani aliyepanda mibuni nyuma ya nyumba, mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Aliniita shangazi. Familia nyingine yoyote ingempeleka mzee wao hospitali. Sisi tulipiga makofi. Tulikuwa tumekaa miaka arobaini tukisubiri sura ya sita, na tuliiona imefika. Mpiga ngoma wake wa siku zote, mzee mwenzake anayelima ndizi Kyerwa, alikuja kumtazama akacheka hadi akafuta machozi. "Safari hii ametuletea mzee msahaulifu!" alisema, na akapiga meza mapigo ya kuisindikiza.

Mimi nilichukua futi yangu nikampima mabega.

"Huyu anavaa nini, Tata?" nilimuuliza.

Alinitazama muda mrefu. "Sijui," alisema.

Nikaona ni jibu zuri sana. Nilirudi dukani nikikata kichwani vitambaa vya kijivu. Tuliushangilia ugonjwa miezi minane.

Siku tuliyoamka ilikuwa siku ya gulio. Nilikuwa kwenye cherehani, simu ikaita. Kondakta wa basi la Kyerwa, kijana niliyemshonea suruali, alikuwa akicheka. "Mama, mzee yuko huku machungani anaigiza. Watu wamejaa. Amevaa ile ngozi ya zamani."

Sijui ni kitu gani kilinishtua. Labda ni neno machungani, kwa sababu Tata hakuwahi kuigiza mahali pasipo na spika. Nilipanda bodaboda hadi huko, na njia nzima nilimwomba Mungu iwe ni onyesho.

Nilimkuta kwenye nyasi, watu wamemzunguka wanapiga vigelegele. Hakuwa na gitaa. Alikuwa akienda kwa mtu huyu na yule akiuliza kwa Kinyarwanda kama wameona ng'ombe wa baba yake, wamempotea, na baba yake atampiga. Alikuwa analia. Watu wakasema tazama anavyojua kulia, mzee huyu hajaisha. Niliwapangua kwa viwiko. Nilimshika mkono, ukawa wa baridi, nikaelewa kwamba yule mtoto anayeogopa hakuwa sura aliyoivaa. Hakukuwa na mtu ndani yake wa kuivua.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba ni maradhi ya ubongo na kwamba hayarudi nyuma. Atasahau mambo ya jana kwanza, kisha ya juzi, kisha watu. Nilimuuliza watu watafuata lini. Alisema hakuna anayeweza kujua siku.

Nilihamia nyumba ya nyuma pale Rugera, na habari ya ugonjwa sikumwambia mtu isipokuwa mpiga ngoma. Kila asubuhi nilivuka ua na kikapu cha kahawa. Nilikiweka kwenye mkeka mbele ya Tata, nikakaa, nikasubiri. Akinyamaza, mimi bado ni mtoto wa nyumbani, najichukulia. Akikiinua kwa mikono miwili, basi. Ua ule ni mdogo, unauvuka kabla hujamaliza kupiga miayo, lakini nilifika upande wa pili nimelowa jasho la mgongo. Siku nyingine aliniita shangazi, siku nyingine hakuniita kitu, lakini kikapu hakukigusa. Nilitafuna punje yangu kisha nikaenda kazini kama mtu aliyefutiwa kesi hadi kesho.

Ndipo wakaja watu wa sherehe. Walikuwa watatu, wanamuziki vijana wa Kayanga na Bukoba, wamevaa vizuri, wana heshima. "Shikamoo mama. Tunataka kumpa mzee heshima yake akiwa hai," walisema. Wanataka siku nzima pale Kayanga, jukwaa, wasanii wa mikoa, na mwisho yeye mwenyewe apige. Kizazi chao chote kimejifunza kubadilika kutoka kwake, walisema. Niliwajibu kwamba mzee amechoka. Waliporudi mara ya pili niliwajibu kwa ukali zaidi, na nikajiona mlinzi hodari, kumbe nilikuwa nalinda woga wangu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Tata uani akigeuza buni zilizoanikwa. Macho yake yalikuwa maangavu, yametulia. Siku kama hizo zilikuwa zimebaki chache.

"Nasikia unawafukuza wageni wangu," alisema.

"Wataona, Tata."

"Wataona nini? Nimewaonyesha sura tano. Hii ya sita sikuichagua, lakini imenikaa. Niache niwaage kabla haijanimaliza." Akaendelea kugeuza buni. "Na wewe unaogopa nini?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Naogopa utanipa kahawa."

Aliacha kugeuza buni. Kisha akasema polepole, kwa sauti aliyokuwa akinifundishia kusoma, "Siku nikikupa, pokea. Sema asante waitu, kama mtu anavyomshukuru mkubwa. Tafuna. Usilie, bojo, nakusihi. Mgeni akilia, mwenye nyumba anaogopa, anadhani amemkosea. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Nilikaa wiki tatu nikimshonea koti. Nilichukua kipande cha ngozi, kipande cha suti ya bluu, kitenge, vizibo, na kwenye kola nikafunga kengele moja ndogo. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, wala kushona nikiwa na mikono mizito vile.

Siku yenyewe Kayanga ilifurika. Mahema yalianzia karibu na soko, na mabasi kutoka Omurushaka yalishusha watu bila kufika stendi. Nilimwingiza Tata kwa nyuma, mpiga ngoma akiwa upande wa pili, na nilikuwa nimeanza kupata nafuu kwa sababu alitembea vizuri na alikuwa anaimba wimbo midomo imefumbwa. Kisha tukakata kona ya hema tukakutana nao.

Wale vijana watatu, pamoja na wenzao wawili, walitaka kumfurahisha. Walikuwa wamevaa sura zake. Mmoja uso mweupe na kengele, mmoja ngozi na nywele za kusuka, mmoja suti ya bluu, mmoja gauni la kitenge na miwani, mmoja kizibao cha vizibo. Walisimama mstari, wakapiga goti wote kwa pamoja. "Shikamoo mzee!"

Tata alinishika mkono wa gauni kwa nguvu. Niliihisi hofu yake ikipita kwenye kitambaa. "Hawa ni nani?" alininong'oneza. "Hawa wote ni nani?"

Kama ningekuwa na akili ningemwambia ni wageni. Nilimwambia ukweli. "Ni wewe, Tata."

Aliwatazama mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi, na mkono wake ukaniachia. Aliutoa taratibu, kwa adabu, kama unavyojitoa kwa mtu uliyemshika kimakosa kwenye umati. Nikajua nimeharibu. Nilitaka kusimamisha kila kitu palepale, nimbebe mgongoni nimrudishe Rugera, lakini mshereheshaji alishaanza kulitaja jina lake na watu walishaanza kupiga kelele, na kelele zile alizijua. Mabega yalinyooka. Alipanda ngazi peke yake.

Mimi walinikalisha mstari wa mbele, kiti chenye kitambaa cheupe, kwa sababu ni binti wa mzee. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa wilaya, mchungaji, bibi wawili waliomfahamu tangu machungani, na mwisho mimi. Mpiga ngoma alianza polepole. Niliomba asahau kahawa. Alikuwa amesahau mke wake amezikwa wapi, kwa nini asisahau na kikapu?

Hakusahau. Alishuka na kikapu, kengele ya kola ikilia kidogo kila ngazi. Alitafuna punje moja mbele ya mkubwa wa wilaya, akampa. Akampa mchungaji. Akawapa bibi wale wawili, na mmoja akamshika shavu. Mshereheshaji alimfuata na kipaza sauti. Mimi nilitazama chini. Nilitazama viatu vyake, vilivyolingana kwa sababu nilimvalisha mimi, nikingoja vinipite.

Vilisimama.

Niliinua macho. Alichukua punje, akaitafuna taratibu nikimwona, ili nijue haina kitu kibaya. Kisha akaninyooshea kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu kwangu, mgeni," alisema.

Uwanja mzima uliangua kicheko. "Anajifanya hamjui binti yake!" mtu alipiga kelele nyuma yangu, na makofi yakafuata. Walikuwa wanashangilia sura ya sita. Nilikumbuka nilichoahidi. Nilipokea kwa mikono miwili.

"Asante waitu," nilisema. Nikatafuna. Sikulia.

Alifurahi. Uso wake ulifunguka kwa ukarimu, ukarimu ule wa mwenye nyumba ambaye mgeni amekubali chakula chake, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuuona ukielekezwa kwangu. "Umetoka mbali?" aliuliza.

"Nimetoka Rugera."

"Rugera!" Aliinama karibu yangu. Mshereheshaji naye akasogeza kipaza sauti, lakini Tata alikisukuma pembeni kwa kiwiko. "Kule nina binti yangu. Mwoga, mwoga kweli. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

Nilidhani atanipa punje ya kumpelekea. Ndivyo mtu anavyofanya kwa ndugu aliye mbali. Alitazama ndani ya kikapu, akafikiri, akatikisa kichwa.

"Yeye simpelekei," alisema. "Mwambie aje ajichukulie."

Akakiweka kikapu kwenye ukingo wa jukwaa, kiko wazi, akapanda, akavaa gitaa. Sitaeleza alivyopiga. Waliokuwepo wanaeleza hadi leo, na wanaongeza chumvi, na bado hawafiki. Mikono ilikuwa imekumbuka kila kitu. Watu wote walikuwa wamesimama, vumbi juu, wale vijana watano wenye sura zake wakilia hadi udongo mweupe wa mmoja wao ukachirizika.

Mimi nilikuwa natazama kikapu. Kilikuwa hatua chache tu, kama kilivyokuwa uani nilipokuwa migombani. Niliogopa. Niliogopa akiniona atasimamisha wimbo na kuuliza huyu mgeni gani asiye na adabu, anachukua mara ya pili bila kupewa, na safari hii kila mtu angeelewa. Nilienda hivyohivyo. Niliingiza mkono, nikatoa punje moja, na nilipoinua uso Tata alikuwa ananitazama moja kwa moja, gumba lake lenye sugu likiendelea kwenye nyuzi.

Hakusema kitu. Nilitafuna palepale nimesimama, chungu ileile, na nilikuwa bado naogopa.